Jopo Haliwezi Kutoa Alama kwa Kile Usichokisema

Barua za mwezi huu zimezidi nafasi ya ukurasa, na nyingi zinauliza jambo lile lile kwa maneno tofauti: mtu amesoma, ameomba, amesubiri, na kimya kimetanda. Nimechagua sita. Majina ya waandishi nimeyahifadhi, na pale ambapo kampuni ilitajwa kwa ubaya nimeifuta, kwa kuwa upande wa pili haujapata nafasi ya kujieleza. Kwa wasomaji wapya, mimi hukaa upande ule wa meza ambao watafuta kazi wengi huuogopa. Kwa miaka mingi nimefanya kazi ya kuwatafutia waajiri watu, kwanza katika ofisi ya rasilimali watu ya kiwanda na sasa kama mshauri wa kujitegemea hapa Dar es Salaam.

Swali: Ndugu Mshauri, salamu. Nilihitimu shahada ya ununuzi na ugavi mwaka 2022. Tangu hapo nimetuma maombi yasiyopungua themanini na nimeitwa kwenye usaili mara mbili tu. Wenzangu wananiambia nisiendelee kupoteza bando, kwamba bila koneksheni hakuna kazi. Je, maombi yetu husomwa kweli? *Msomaji, Morogoro*

Jibu: Ndugu yangu, yanasomwa, ila kwa haraka ambayo ingekuumiza moyo kama ungekuwa umesimama nyuma ya kiti changu. Niliwahi kutafuta mtunza bohari kwa msambazaji mmoja wa pembejeo za kilimo. Tangazo lilikaa siku kumi, na maombi yakafika mia tatu na kitu. Aliyeyasoma kwa mara ya kwanza ni mtu mmoja tu, nami ndiye niliyekuwa huyo mtu, kuanzia Jumatatu asubuhi hadi Jumanne jioni, huku simu zikiita. Piga hesabu mwenyewe uone kila mwombaji alipata dakika ngapi. Katika muda huo sikuwa na nafasi ya kujiuliza kama huyu ni kijana mzuri au ana ndoto gani. Nilikuwa na maswali matatu yaliyotoka kwenye tangazo lenyewe: ana cheti kilichotajwa, amewahi kushika mzigo na kuuhesabu, na yuko tayari kuishi Makambako, ambako ndiko kazi yenyewe ilikokuwa. Aliyenijibu yote matatu katika nusu ya kwanza ya ukurasa aliingia kwenye kundi la kusomwa tena kwa utulivu.

Wengi hawakufika huko, na sababu zenyewe hazikuhusu uwezo wao. Kulikuwa na barua zilizoelekezwa kwa kampuni nyingine, kwa sababu mwandishi alinakili ya wiki iliyopita akasahau kubadilisha anwani. Kulikuwa na wasifu wenye namba ya simu iliyopungukiwa tarakimu moja. Kulikuwa na vyeti vilivyopigwa picha juu ya shuka la maua, kidole gumba kikiwa kimeziba mwaka wa kuhitimu. Nenda steshenari ukatoe nakala safi, uziunganishe katika faili moja, na faili hilo ulipe jina lako na jina la nafasi. Mafaili yanayoitwa "CV mpya kabisa 3" nimeyaona mengi kiasi kwamba siwezi kukumbuka yalikuwa ya nani.

Baada ya hapo linakuja jambo ambalo nadhani ndilo linalokukwamisha wewe hasa, kwa kuwa umeniambatishia wasifu wako. Umeandika kwamba ulifanya mafunzo kwa vitendo katika idara ya ugavi, "ambako nilijifunza mambo mengi." Mambo gani? Mimi sikuwepo. Kama kwa wiki nane ulisimama mlangoni ukipokea mzigo, ukalinganisha hati ya muuzaji na oda ya ununuzi, ukaandika kwenye leja, na mara mbili ukagundua kwamba katoni zimepungua, basi andika hivyo hivyo, pamoja na idadi na aina ya mzigo. Mwombaji niliyempeleka Makambako hakuwa na shahada. Alikuwa na stashahada na sentensi moja iliyosema kwamba alihesabu mbolea kila Ijumaa na kueleza alichokifanya pale hesabu ilipokataa kulingana na leja.

Kuhusu koneksheni, sitakudanganya. Ipo. Katika sekta binafsi nafasi nyingi huanza kwa meneja kuwauliza wafanyakazi wake, "Kuna mtu mnamjua?", kabla tangazo halijaandikwa. Lakini kujulishwa na kubebwa ni mambo mawili. Anayejulishwa anafunguliwa faili lake mapema, kisha anasailiwa kama wenzake. Anayebebwa hasailiwi kabisa, na mara nyingi ndiye anayeniletea kazi ya kutafuta mtu mwingine baada ya miezi sita. Wewe una koneksheni halali ambayo hujaitumia: yule msimamizi aliyekuona ukifanya kazi kwa wiki nane. Mpigie, msalimie, mwambie unatafuta nafasi gani, na umwombe awe mdhamini wako. Hiyo siyo hongo wala siyo kujipendekeza.

Na kama miongoni mwa hayo maombi themanini yapo uliyoyapeleka Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, kumbuka kwamba kule masharti ya tangazo ni mlango, hayana mjadala. Matangazo yao husema wazi kwamba hati za matokeo na matokeo ya muda havikubaliki mahali pa cheti chenyewe, na kwamba aliyesoma nje ya nchi ni lazima vyeti vyake viwe vimethibitishwa na mamlaka husika, yaani TCU kwa vyuo vikuu, NACTVET kwa vyuo vya kati na vya ufundi, au NECTA kwa mitihani ya shule. Nimekutana na watu waliokata tamaa kwa kuamini wameonewa, kumbe walipakia karatasi ya matokeo.

Swali: Mshauri, nimefika kwenye usaili wa mahojiano mara tano, zote katika hoteli na kampuni za utalii. Kila mara wasaili wananichangamkia, tunacheka, natoka nikiwa na uhakika. Kisha sipigiwi simu. Nakosea wapi? *Msomaji, Arusha*

Jibu: Ngoja nikuoneshe karatasi ambayo wewe huioni kwa sababu imelazwa mezani mbele ya msaili huku uso wake ukitabasamu. Ina safu tatu. Ya kwanza ina vigezo, kwa kawaida vinne au vitano: kwa nafasi ya mapokezi, kwa mfano, kushughulikia malalamiko, usahihi katika kuweka nafasi za wageni, lugha, na kufanya kazi kwa zamu. Ya pili ina alama, tuseme moja hadi tano. Ya tatu ni pana kuliko zote na juu yake pameandikwa neno "ushahidi." Katika majopo ninayoyasimamia mimi, kila msaili huandika alama zake peke yake bila kuzungumza na mwenzake, halafu ndipo tunapozilinganisha, na yeyote aliyetoa nne ni lazima asome kilichoandikwa katika safu ya tatu. Kama hapo hakuna kitu isipokuwa "mchangamfu," ile nne inashuka.

Hebu sikiliza jinsi inavyokuwa. Msaili anauliza: "Tueleze siku mgeni alipokuja akiwa na hasira." Msailiwa anajibu: "Kwa kweli wageni wenye hasira wapo, na sisi tulikuwa tunajitahidi sana kuwahudumia vizuri, kwa sababu mteja ni mfalme. Tulihakikisha kila mgeni anaondoka akiwa ameridhika." Jibu hilo limesemwa kwa sauti nzuri na limetuchangamsha, lakini mkono wangu uliokuwa umeshika kalamu umebaki hewani. Nani alifanya nini? Mgeni yupi? Iliishaje?

Mwingine anajibu: "Ilikuwa saa tano usiku. Familia ya watu wanne ilifika kutoka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, na chumba chao tulikuwa tumempa mtu mwingine. Kosa lilikuwa letu. Nilimwambia baba hivyo hivyo, nikawaagizia chai, nikapiga simu hoteli mbili za jirani nikapata vyumba, kisha nikampigia meneja nyumbani aidhinishe gharama. Waliondoka baada ya dakika arobaini. Asubuhi niliandika katika kitabu cha zamu jinsi kosa lilivyotokea." Huyu hakutuchekesha hata kidogo, lakini safu yangu ya tatu imejaa hadi pembeni.

Nadhani najua kinachowafanya watu wetu wajibu kama yule wa kwanza. Tumelelewa kwamba kujisifu ni aibu, kwamba mtu muungwana husema "tulijitahidi" hata pale alipofanya peke yake. Adabu hiyo naipenda, na nyumbani kwangu naidai kwa watoto. Lakini chumba cha usaili hakina shahidi mwingine wa kazi yako isipokuwa wewe, na ukisema "sisi" tu, mimi sijui kama ulikuwa unaendesha gari au ulikuwa umekaa siti ya nyuma. Njia ya kati ipo: sema "timu yetu ilikuwa na watu watatu, sehemu yangu ilikuwa hii." Hapo hujajisifu, umeeleza tu.

Jambo la pili ni lile ombi la mwanzo, "Tueleze kuhusu wewe." Wengi huanzia kuzaliwa: mwaka, wilaya, idadi ya ndugu, shule ya msingi, kisha sekondari. Usaili wa dakika ishirini na tano unapoteza dakika nne kabla hatujafika kwenye kazi. Anzia kwenye kazi uliyo nayo sasa au ya mwisho, rudi nyuma hatua moja, kisha useme kwa nini nafasi hii. Dakika moja na nusu inatosha.

Kuhusu lugha, uliza mapema usaili utafanyika kwa lugha gani. Kama ni Kiingereza, tumia sentensi fupi na usione haya kuomba swali lirudiwe. Hakuna alama inayopungua kwa hilo. (Nami nikiri kwa niaba ya wenzangu: nimewahi kuona jopo likimsaili dereva wa lori kwa Kiingereza kuhusu breki, wakati kazi yenyewe ni ya Dar hadi Tunduma na kila mtu njiani anazungumza Kiswahili. Aliyeanguka siku ile lilikuwa jopo.)

Swali: Mshauri, habari. Katika usaili wa kazi ya uhasibu niliulizwa kama nimeolewa, kama natarajia kupata mtoto karibuni, na baadaye nikaulizwa kabila langu. Nilijibu yote kwa sababu niliogopa. Je, wana haki ya kuuliza hivyo? Na ningeweza kukataa? *Dada, Dodoma*

Jibu: Dada yangu, pole. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kubagua katika sera na taratibu zake za ajira, na miongoni mwa misingi inayotajwa ni kabila, jinsi, ujauzito, hali ya ndoa, majukumu ya familia, dini, ulemavu na umri. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kifungu hicho kinamhesabu pia mwombaji wa kazi kama mwajiriwa, na taratibu za ajira zinazosemwa zinajumuisha matangazo na vigezo vya kuchagua watu. Kwa hiyo huhitaji kuwa na mkataba ndipo ulindwe. Mwombaji akionesha dalili za awali kwamba amebaguliwa kwa mojawapo ya misingi hiyo, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba haikuwa hivyo. Kipo kipengele kinachomruhusu mwajiri kutofautisha watu kwa sababu ya mahitaji halisi ya kazi yenyewe, lakini sijaona kazi ya uhasibu, ambayo ndiyo uliyoiomba, inayohitaji kabila fulani.

Chumbani, hata hivyo, mtu hasomi vifungu. Ninachokushauri ni kutafuta hofu iliyojificha nyuma ya swali na kuijibu hiyo. Anayeuliza kuhusu mtoto mara nyingi anataka kujua kama utakuwepo mwisho wa mwezi wakati wa kufunga hesabu. Waweza kusema kwa heshima: "Kama swali linahusu muda wa kazi, niko tayari kwa saa zilizotajwa, pamoja na siku za kufunga hesabu." Kisha nyamaza. Msaili mwenye akili ataelewa na kuendelea. Akishikilia kujua, basi naye umemsaili, na una taarifa ya kutosha kuhusu mahali hapo.

Ukiamua kulalamika, andika siku hiyo hiyo maneno yaliyosemwa, waliokuwepo na saa, kwa sababu baada ya wiki mbili kumbukumbu huanza kujitungia. Mlalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na migogoro isiyohusu kuachishwa kazi ina siku 60 tangu jambo lilipotokea. Hukueleza usaili wako ulikuwa lini, kwa hiyo angalia tarehe kabla ya kuendelea kusoma.

Swali: Nimepigiwa simu nikaambiwa nimepata kazi katika mgodi, ingawa sikumbuki kuiomba. Natakiwa kutuma shilingi 85,000 za vipimo vya afya na sare kwenye namba ya simu kabla ya saa kumi jioni. Nitume? *Msomaji, Tanga*

Jibu: Usitume. Kazi ambayo hukuiomba, inayotolewa bila usaili, kwa malipo yanayokwenda kwenye namba ya mtu binafsi, tena kabla ya saa kumi, ni wizi wa kawaida kabisa. Hata wakala halali haruhusiwi: kanuni za mawakala binafsi wa ajira za mwaka 2014 zinamkataza wakala kumtoza mtafuta kazi ada ya kumtafutia kazi, kwa kuwa anayelipia huduma hiyo ni mwajiri. Kama jina la kampuni walilolitaja ni la kweli, tafuta namba ya ofisi yao mwenyewe, usitumie uliyopewa na mpigaji, uwaulize. Na kwa wale wanaoahidiwa kazi za ndani Oman na nchi nyingine za Ghuba, swali la kwanza kwa wakala liwe leseni yake, na la pili liwe mkataba, usomwe ukiwa bado uko nyumbani na pasi yako ikiwa mkononi mwako.

Swali: Mshauri, katika usaili niliulizwa nataka mshahara kiasi gani. Nikasema milioni moja. Wakakubali, nikafurahi. Mwezi wa kwanza nimepokea shilingi 647,000. Nilisoma chuo kwa mkopo wa serikali. Je, nimedhulumiwa? *Msomaji, Mbagala*

Jibu: Hapana, ila hukuuliza neno moja: ghafi. Ulipotaja milioni moja ulikuwa unafikiria fedha za kubaki mkononi. Mwajiri aliandika milioni moja kabla ya makato. Tuifanye hesabu pamoja, tukichukulia kwamba milioni yote ni mshahara wa msingi. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri anaruhusiwa kukukata hadi nusu yake, yaani 100,000. Zinabaki 900,000, ambazo ndizo zinazokatwa kodi. Kwa viwango vya PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara kila mwezi, ninavyovitumia kazini, shilingi 270,000 za kwanza hazina kodi. Zinazofuata hadi 520,000 hukatwa asilimia 8, ambayo ni 20,000. Hadi 760,000 hukatwa asilimia 20, ambayo ni 48,000. Na zile 140,000 zilizobaki hukatwa asilimia 25, ambayo ni 35,000. Jumla ya kodi ni 103,000. Ungebaki na 797,000 kama usingekuwa na deni la Bodi ya Mikopo. Lakini wewe ulisoma kwa mkopo, na marejesho ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 150,000. Toa, upate 647,000 zako, hadi shilingi ya mwisho.

Siku nyingine ukiulizwa, usitaje kiasi kabla hujajua kazi yote. Uliza kama nafasi ina kiwango kilichopangwa. Waajiri wengi wanacho, na wanachotafuta ni kujua kama uko ndani yake. Ukilazimika kutaja, taja kiwango cha chini na cha juu, na umalizie kwa kusema "kabla ya makato." Nami kama mwajiri sijawahi kumkasirikia mtu aliyeuliza kuhusu usafiri, bima ya afya au posho ya zamu, ninayemwonea shaka ni yule anayesema "chochote mtakachonipa," kwa sababu huyo baada ya miezi mitatu huwa ananung'unika kwenye korido.

Ile Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi, unapoanza kazi, maelezo ya ajira yako, yakiwemo aina ya kazi, mahali, saa, na mshahara pamoja na namna unavyokokotolewa. Kama bado hujapewa, yaombe sasa.

Swali: Mwanangu, mimi ni mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi hapa Kahama. Kwa mwaka mmoja na nusu nimebadilisha watunza fedha watatu, wote ndugu zangu au watoto wa ndugu, na kila mmoja ameacha pengo. Sasa nataka kuajiri mtu wa nje kwa utaratibu. Naomba uniambie, nitamjuaje mwizi kabla hajaiba? *Mzee, Kahama*

Jibu: Mzee, shikamoo. Hutamjua. Nimekaa na watu wengi mezani, na wenye macho ya upole kuliko wote wamewahi kuniaibisha kwa waajiri. Lakini kuna jambo jingine unaloweza kulijua kwa saa moja, nalo ni kama mtu anajua kuhesabu na kama anakereka hesabu zisipolingana. Anayekereka ndiye unayemtaka.

Fanya hivi. Waite watu wanne au watano, na mmoja awe ndugu kama familia inakusukuma. Apite mlango ule ule. Mwandalie kila mmoja ukurasa wa daftari la mauzo ya siku na bunda la nakala za risiti, vyenye makosa matatu uliyoyapanda mwenyewe. Kosa la kwanza: risiti ya 54,000 iandikwe daftarini 45,000. Pengo ni 9,000, na mtunza hesabu aliyeiva akiona pengo linalogawanyika kwa tisa huanza kutafuta tarakimu zilizopinduliwa. La pili: mabati 12 kwa 28,000 yaandikwe 326,000 badala ya 336,000. La tatu, ambalo ndilo lenyewe: nakala ya risiti namba 0412 ifuatwe na 0414, ili mauzo ya 0413 yasionekane popote. Usiseme chochote. Mpe kila mmoja kikokotoo, kalamu na dakika arobaini, kisha umwambie akueleze alichokiona.

Watakaokosa la kwanza na la pili wana haraka. Ukipata atakayekuuliza, "Mzee, risiti ya 0413 iko wapi?", mketishe umpe chai. Nilipolifanya jaribio kama hili kwa duka moja la vipuri, kati ya watu sita ni binti mmoja tu aliyeuliza, na katika mazungumzo ya kawaida ndiye aliyekuwa mkimya kuliko wote; kama tungechagua kwa mazungumzo tungemwacha.

Maswali ya mdomo yawe yale yale kwa wote, kwa mpangilio ule ule, nawe uandike majibu, kwa sababu mtu wa tano humfanya mtu asahau wa kwanza. Kisha wapigie waajiri wao wa zamani, baada ya kuwaomba ruhusa waombaji wenyewe. Sasa kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria ni ustaarabu. Usiulize kama ni mwaminifu, kwa maana kila mtu atasema ndiyo. Uliza: "Ungepata nafasi, ungemwajiri tena?" Kisha usikilize ule ukimya kabla ya jibu. Mtu aliyeacha kazi anastahili pia kupewa cheti cha utumishi na mwajiri wake. Kiombe, na kama hana, muulize kwa nini, bila kumhukumu, kwa kuwa waajiri wengi hawavitoi.

Jambo la mwisho halihusu mtu bali duka. Kwa maelezo yako, mtunza fedha ndiye aliyekuwa anapokea pesa, anaandika daftari na kuhesabu mzigo wa stoo. Kazi hizo tatu mkononi mwa mtu mmoja zitamjaribu hata mcha Mungu. Zigawe: mmoja apokee pesa, mwingine atoe mzigo, na wewe au mwanao ulinganishe kila jioni.

Na kabla mtu mpya hajaanza, funga duka siku moja uhesabu kila kitu, kuanzia saruji hadi misumari, mbele yake, kisha mweke sahihi wote wawili. Usipofanya hivyo, mwezi wa kwanza pengo la wale watatu litaonekana kwenye daftari lake, nawe utamfukuza mtu wa nne.